Gemu za Star Trek na wenzake: ipi ununue kama una laptopu ya kawaida hapa Mombasa

Kama wewe ni mpenzi wa Star Trek, ile tamthilia ya Kimarekani ya meli za anga za juu, na unakaa Mombasa basi shida yetu ushaijua. Ukienda kwa wanaouza magemu mjini utaoneshwa mpira, magari na vita, haya mambo ya anga za juu hawana habari nayo, na ukiingia mwenyewe Steam, duka la magemu la mtandaoni, unakutana na majina kibao, mengine yana zaidi ya miaka 30, hujui ushike lipi uache lipi. Na pesa yenyewe si ya kutupa. Nimeamua kuziandika vile nlivyoziona mimi na vile wachezaji wenzangu wanavyoziongelea, manake tumebishana juu ya hizi gemu mpaka usiku wa manane, na ntaanza na ile ningekwambia ununue leo hii mpaka nifike kwa zile ningekushika mkono usitoe hata shilingi.

Msimamo wangu ni huu: usinunue kwa sababu ya jina au picha ya nje. Jiulize kwanza ukitazama ile tamthilia moyo wako hua uko wapi. Kuna anayempenda nahodha akiwa kwenye kiti chake anatoa amri, kuna anayetaka wakishuka kwenye sayari bunduki zianze, na kuna yule anapenda maneno, wanakaa mezani wanajadiliana mpaka jambo gumu linaamuliwa. Hakuna gemu hata moja imeyafanya yote matatu vizuri. Ukichukua isiyokua yako utaichukia bure na kumbe gemu yenyewe ni nzuri.

La pili ni mashine. Wengi wetu tuna laptopu za mtumba zilizokua za ofisi huko Uingereza, hazina kadi ya grafiksi, na ukichanganya na joto letu la Januari feni inalia utadhani inapaa. Habari njema ni kwamba gemu bora kabisa za Star Trek zilitoka kati ya 2000 na 2003, na hizo laptopu zetu zinazibeba bila taabu. Na si bahati tu. Wakati huo kampuni ya Activision ndo ilikua na leseni na ikawapa kazi watengenezaji wazuri, alafu 2003 ikaishtaki Viacom, wenye Star Trek, ikidai wameiacha jina lipoe, filamu na tamthilia zimepungua kwa hivo magemu hayauziki. Baada ya hapo ule mfululizo ukakatika, na kwa maoni yangu mpaka leo haujarudi.

Namba moja ni Star Trek: Bridge Commander ya 2002. Hapa sibishani na mtu. Ilitengenezwa na Totally Games, studio ya Larry Holland yule wa zile gemu za zamani za X-Wing, za ndege za vita za Star Wars, na wazo lake ni moja tu: wewe ni nahodha, umekaa kwenye kiti, mbele yako kioo kikubwa, pembeni wafanyakazi wako kila mtu na kazi yake, na wewe kazi yako ni kuamuru. Hadithi inaanza na nahodha wako kufa kwenye mlipuko na wewe unaachiwa meli ya Dauntless, baadaye unapewa Sovereign. Patrick Stewart na Brent Spiner wenyewe wamo kwa sauti, kama nahodha Picard na roboti Data wa kwenye tamthilia. Unamgeukia Felix wa silaha unamwambia piga injini zao, unamwambia Brex wa mitambo asukume nguvu zote kwenye ngao za mbele, na ukikosea kupima nguvu meli inakufia. Vita vyake havina haraka, meli inageuka taratibu kama feri ya Likoni ikitafuta gati, na kuna watu hilo linawaudhi, wamezoea mambo ya kasi. Mi naona ndo utamu wake. Kwenye tamthilia pia meli hazikimbizani kama nzi, watu wanafikiria, wanasubiri, wanauliza je huyu ni adui kweli ama ameogopa tu.

Malalamiko yapo na ni ya kweli. Picha zimezeeka, nyuso za watu ni ngumu, na misheni kadhaa unarudia sana kwa sababu kitu kimoja kidogo kimeharibika. Lakini wapenzi wake hawajaiacha miaka yote hii, wameiongezea meli mpya na muonekano mpya kwa mods za bure, yaani nyongeza za mashabiki, na ukishaimaliza hadithi unaweza kupanga vita vyako mwenyewe, meli gani dhidi ya gani, hapo ndo masaa yanapotea. Iko GOG, duka lingine la magemu la mtandaoni, tangu 2021, ni kama dola 10, yaani shilingi 1,300 hivi, na ikiwekwa ofa inashuka zaidi.

Na hapa niseme kuhusu GOG kwa sababu kwetu ni jambo kubwa. Gemu ukiinunua pale unadaunlodi faili la kuinstoli unaliweka kwa flashi, basi, halikuulizi intaneti tena. Kama nyumbani unatumia bando la simu, unaweza kwenda mahali penye waifai nzuri ukashusha zote siku moja ukarudi nazo. Hizi za zamani pia ni ndogo, si kama gemu za leo ambazo moja tu inameza bando la mwezi mzima.

Namba mbili, Star Trek: Voyager – Elite Force ya mwaka 2000, kutoka Raven Software. Hii ni ya bunduki, imejengwa juu ya injini (programu ya msingi) ya gemu ya Quake III, na kwa anayependa kushuka kwenye meli ya Borg, wale maadui nusu mtu nusu mashine, na roho mkononi hakuna iliyoipita. Unacheza kama Munro wa kikosi cha Hazard Team, unachagua wewe awe mwanamume ama mwanamke, na waigizaji wa tamthilia ya Voyager ndo waliotoa sauti, ingawa sauti ya Jeri Ryan kama Seven ilikuja kuongezwa baadaye. Kilichonifanya niiheshimu ni kwamba Borg wanafanya vile tunavyowajua, ukiwapiga na silaha ileile wanaizoea na haiwadhuru tena, mpaka upate ile silaha iliyotengenezwa maalumu kwa ajili yao. Na kati ya misheni unatembea ndani ya Voyager unaongea na watu, unapumua. Ubaya ni fupi, mchezaji mzoefu anaimaliza wikendi moja. Kuna Elite Force II ya 2003 kutoka Ritual, unahamia Enterprise-E chini ya Picard, hiyo ni ndefu zaidi na picha ni safi zaidi, lakini wengi tunaona ya kwanza ina roho zaidi. Ukiweza chukua zote mbili, anza na ya kwanza.

Sasa Star Trek Online. Hii nimeiweka ya tatu na najua kuna mtu atakasirika, kwa sababu kwa wengine hii ndo Star Trek yenyewe. Ilitoka Februari 2010, ikafanywa ya bure Januari 2012, na bure yake ni ya kweli, hadithi yote unacheza bila kulipa. Na hadithi ni nyingi ajabu. Imeanzia mwaka 2409, unaweza kua wa Federation (muungano wa binadamu na wenzao) ama wa mataifa mengine ya angani, Klingon, Romulan, hata Jem'Hadar wa Dominion, na waigizaji wa tamthilia wamerudi mmoja mmoja kutoa sauti zao, Michael Dorn, LeVar Burton, Jeri Ryan, Kate Mulgrew. Kwa mtu ambaye tamthilia ziliisha akabaki na kiu, misheni zile zinamaliza mambo mengi yaliyoachwa hewani. Vita vya meli ni vitamu sana, kupanga meli yako na maafisa wako ni elimu nzima.

Lakini sikiza. Vita vya chini, kwa miguu, havijawahi kua vizuri na hata wanaoipenda wanakubali hilo. Meli nzuri zinauzwa kama dola 30 moja, hiyo ni karibu shilingi 4,000 kwa meli moja ya kwenye kompyuta, na kuna yale masanduku ya bahati nasibu ambayo mi nakuomba kwa dhati usiyafungue kwa pesa yako, hasa kama una wadogo zako nyumbani wanatumia akaunti hiyohiyo. Ukiwa na subira unaweza kukusanya dilithium, madini ya huko, ndani ya gemu ukaibadilisha ipate kununulia meli, ila foleni ya kubadilisha wachezaji wameilalamikia sana. Na lazima intaneti iwe hewani muda wote, seva ziko ng'ambo, stima ikikatika Kisauni katikati ya misheni basi umetoka na wenzako umewaacha matatani. Ushauri wangu ni ianze bure, cheza hadithi, na usitoe pesa mpaka ujue kabisa umeipenda.

Wewe wa maneno na maamuzi, yako ni Star Trek: Resurgence ya 2023. Waliotengeneza wengi wao walitoka Telltale, studio ya gemu za hadithi na maamuzi, na inaonekana. Unabadilishana kati ya watu wawili kwenye meli ya Resolute, Jara Rydek ambaye ni msaidizi wa nahodha, na Carter Diaz fundi wa chini kabisa, na hapo ndo uzuri wake uko, jambo moja unaliona kutoka juu mezani na kutoka chini kwenye mabomba. Kuna uamuzi ndani yake umenikalia kichwani mpaka leo, sitausema usije ukaharibikiwa. Wachezaji wanaisifu hadithi karibu wote, wanachokilaumu ni ufundi, picha kukwama, midomo isiyofuata maneno, na vile vijigemu vidogo vya katikati vinavyochosha. Hii inataka laptopu yenye kadi ya grafiksi yake, usijidanganye na ile ya ofisi. Bei yake ilianza kama dola 40, kwa hivo subiri ofa.

Kama Star Trek umeshiba nayo ama hujawahi kuipenda, kuna Battlestar Galactica Deadlock ya 2017, ila iliondolewa madukani 2025, kwa hivo ni ya walioinunua kabla. Inahusu vita vya kwanza vya binadamu na roboti za Cylon, kabla ya ile tamthilia ya 2003. Unapanga mwendo wa meli zako, adui naye anapanga zake, alafu zamu yote inachezwa kwa pamoja na wewe unatazama matokeo ya akili yako. Roho inadunda wallahi. Nyongeza zake za kulipia zilikua nyingi, gemu yenyewe inatosha kuanzia. Na waliopenda tamthilia ya The Expanse kuna ile ya Telltale ya 2023, unacheza Camina Drummer na Cara Gee mwenyewe ndo sauti. Fupi lakini ina hisia, kuelea nje ya meli bila mvutano walikufanya vizuri sana.

Turudi kwa Star Trek. Armada ya 2000 ni ya kujenga kambi na kuchimba dilithium, pande nne, Borg wakiwemo. Kama ulikua ukicheza Age of Empires utaielewa kwa dakika tano. Nzuri, ya bei ndogo, sina mengi. Zile za miaka ya 90, 25th Anniversary na Judgment Rites, hizo ni za mtu anayempenda Kirk na Spock wa asili, wa tamthilia ya kwanza, Shatner na Nimoy na wenzao walitoa sauti kwenye matoleo ya CD, ila ujue mafumbo yake ni ya kizamani, hayakuoneshi njia.

Bridge Crew ya Ubisoft ya 2017 ni furaha tupu mkiwa watu wanne mnaosikizana, mmoja nahodha, mmoja usukani, mmoja silaha, mmoja mitambo. Mwanzo ilitaka miwani ya VR, baadaye mwaka huohuo wakaruhusu ichezwe bila miwani. Peke yako na kompyuta inachosha haraka. Kwa hivo kama huna marafiki watatu wa kuinunua pamoja na intaneti ya kuaminika, iache.

Tumefika kwa za kuepuka. Star Trek: Infinite ya Oktoba 2023 iliniuma sana kwa sababu wazo lilikua zuri, unaongoza Federation, Klingon, Romulan ama Cardassian, na imejengwa juu ya Stellaris, gemu ya kujenga himaya angani. Ikatoka haijaiva, na hata mwaka haujaisha watu wakaambiwa haitaendelezwa. Waliolipa waliachwa hivohivo. Badala yake nunua Stellaris yenyewe ikiwa kwenye ofa, alafu weka mod ya New Horizons ambayo wapenzi wameitengeneza bure, ina meli na mataifa mengi kuliko ile ya kulipiwa. Na ile inayoitwa Star Trek tu ya 2013, ya Kirk na Spock wakipambana na Gorn, viumbe kama mijusi, ukiipata hata kwa CD ya bei ya soda iache pale pale. Imejaa hitilafu, na haina chochote cha Star Trek zaidi ya sauti za waigizaji.

Kulipa si tatizo tena siku hizi. Bei za Steam kwetu ni za dola, na ile kadi ya Visa ya M-Pesa, GlobalPay, inatosha, unaitengeneza kwenye simu, unaweka hela ya kutosha hiyo gemu pamoja na makato, unalipa. Angalia mara mbili gemu iko dukani bado, manake hizi za leseni huondolewa mkataba ukiisha, ila ukiwa ushainunua inabaki kwenye akaunti yako. Na ukiona laptopu haiwezi usikae nayo kwa aibu: Steam wanakurudishia pesa kama hazijapita siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2, GOG wanakupa siku 30.