Uzoefu Wangu na Jaketi la Kuokoa Maisha Linalojipuliza Lenyewe

Jaketi ninalolizungumzia hapa ni la kuokoa maisha, la aina ile nyembamba inayovaliwa shingoni na kufungwa kifuani, ambalo hujipuliza lenyewe mvaaji anapoanguka majini. Limeandikwa nyutoni 150, yaani kipimo cha nguvu yake ya kuelea. Nimekuwa nikilivaa tangu msimu wa Kaskazi uliopita, katika boti ndogo ya mashine ambayo mimi na kaka yangu tunaitumia kwa matembezi ya mwisho wa juma, hasa katika hori ya Tudor na Bandari ya Kale hapa Mombasa, na bahari ikiruhusu, hadi kwenye hifadhi ya bahari iliyo mbele ya Nyali na Bamburi. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa majaketi mengi ya aina hii hutegemea viungo vinavyofanana, na mnunuzi anahitaji kuvijua viungo hivyo kuliko jina lililoshonwa begani. Kwa mtu mzima anayeshika usukani na asiyechoka kutunza vitu vyake, nalipatia jaketi hili alama nne kati ya tano. Kwa mgeni wa siku moja, kwa mtoto, au kwa boti iliyofunikwa turubai, nalipatia moja.

Kilichonisukuma kulinunua ni joto. Majaketi ya sponji ya rangi ya chungwa, ambayo kila aliyewahi kupanda boti ya matembezi Mombasa anayajua, hufanya kazi nzuri, lakini mchana wa Februari, upepo ukiwa umelala na jua likiwa utosini, ni wachache wanaoyavumilia kwa muda mrefu. Abiria huyavaa wakati wa kuondoka kwa sababu nahodha anatazama, kisha huyavua mmoja baada ya mwingine, huyageuza mito ya kukalia, na hatimaye majaketi huishia chini ya viti pamoja na chupa za maji na kamba. Jambo hili si la Mombasa peke yake. Kwa mujibu wa takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani za mwaka 2023, watu 564 walifariki nchini humo katika ajali za boti za starehe. Pale chanzo cha kifo kilipojulikana, robo tatu walikufa maji, na kati ya hao, wale ambao ilijulikana kama walivaa jaketi au la, asilimia 87 hawakuwa wamelivaa. Sheria ya huko inataka boti iwe na jaketi kwa kila aliyemo, hivyo si vigumu kukisia majaketi mengi yalikuwa wapi saa hiyo.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Ndani ya kitambaa kuna mfuko uliokunjwa, mtungi mdogo wenye gramu 33 za gesi ya kaboni dioksidi, na kifyatulio chenye springi inayozuiliwa na kidonge kinachoyeyuka majini. Kidonge kikilowa, springi huachia, sindano hutoboa mtungi, na mfuko hujaa kwa sekunde chache. Kidonge kikigoma, kuna kamba fupi ya kuvuta kwa mkono. Na mtungi ukiwa mtupu, kuna mrija wa kupulizia kwa mdomo. Nyutoni 150 ni nguvu ya kubeba takriban kilo 15, ilhali mtu mzima akiwa majini huhitaji kilo tano au pungufu ili kichwa chake kibaki juu. Ziada hiyo ndiyo inayosaidia kumgeuza aliyezirai alale chali, uso ukitazama juu, kazi ambayo jaketi jepesi la nyutoni 50, lile la watu wa michezo ya majini, halikutengenezewa.

Nililijaribu kwa makusudi kabla ya kuliamini. Tulichagua asubuhi ya maji mafu, maji yakiwa yamejaa na kusimama, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, mkondo unaopita chini ya Daraja la Nyali si wa kuchezewa na mtu yeyote, hata mwogeleaji hodari. Kaka yangu alibaki botini, mashine ikiwa imezimwa. Nilijitupa nikiwa na shati na suruali. Nilizama, nikasikia mlio mkali kama wa tairi kupasuka karibu na sikio, na kabla sijaanza kupiga mikono nilikuwa tayari nimeibuka, kidevu kikiwa kimeinuliwa na mfuko wa manjano uliobana shingo pande zote mbili. Ule ubanaji unatisha mara ya kwanza, na asiyeutarajia anaweza kudhani kwamba anakabwa. Kuogelea kifudifudi hakukuwezekana. Ilinibidi nijisukume chali hadi kwenye ngazi ya nyuma, na nilipofika sikuweza kupanda bila kaka yangu kunivuta, kwa sababu mfuko uligota kwenye ubavu wa boti kabla kifua changu hakijaukaribia. Kijitabu cha maelezo hakisemi neno juu ya hili. Mtu anayetoka peke yake ajue mapema atakavyopunguza upepo wa mfuko kupitia kwenye mrija, na ajizoeze kufanya hivyo.

Kisha tuliulegeza mkanda wa mapajani, ule unaopita katikati ya miguu ili jaketi lisipande, tuone tofauti. Jaketi lilipanda hadi masikioni, nami nikawa naning'inia ndani yake huku mdomo ukigusa maji kila kiwimbi kilipopita, na hapo hori ilikuwa shwari kabisa. Wauzaji wengine huuza mkanda huo kando, kana kwamba ni pambo. Jaketi lisilo na mkanda huo ningelipunguzia alama mbili papo hapo.

Mkanda huohuo ndio ulioleta suala ambalo vijitabu vya Ulaya havina habari nalo, yaani buibui. Mama mkwe wangu ni mtu wa Mji wa Kale. Tangu feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 29, 1994, na kuua watu 272, hapandi chombo kisicho na majaketi, wala hakubali kuondoka kabla hajalivaa la kwake, na kwa hilo anatushinda sote. Siku alipotaka kulijaribu jaketi langu, alilivaa ndani ya buibui kwa ajili ya stara.

“Mama, hili litafura,” nilimwambia. “Likifura ndani ya nguo litakubana kifua mpaka ukose pumzi.”

“Basi nilivae juu, watu wanione nimefungwafungwa?”

“Juu, mama. Na mkanda huu upite katikati ya miguu.”

“Huo, baba, mpe mkeo.”

Alilivaa juu ya buibui, na mkanda akaukataa katakata. Nami siwezi kumlaumu, kwa kuwa mkanda ule hauvaliki bila kuikunja nguo yote kiunoni. Jaketi la kujipuliza ni lazima liwe vazi la nje kabisa, juu ya buibui, juu ya koti la mvua, juu ya mtandio, la sivyo gesi itatafuta nafasi ndani ya kifua cha mvaaji. Kwa kina mama wanaovaa buibui au dera, naona jaketi la sponji lenye mikanda ya kiunoni iliyokazwa sawasawa linafaa zaidi, na ndilo tunalompa sasa, joto au baridi.

Kasoro kubwa ya jaketi hili, hata hivyo, ni kwamba linaiogopa hewa ya pwani. Unyevu na chumvi hula kila kitu hapa, na kidonge kilichotengenezwa ili kiyeyuke hakiwezi kutazamiwa kuwa na subira. Wakati wa masika kaka yangu alifungua sanduku la boti asubuhi moja akakuta jaketi limefura lenyewe, limekisukuma kifuniko, na hapakuwa na tone la maji ndani ya sanduku. Tarehe ya kidonge ilikuwa bado haijapita. Tangu hapo tunalirudisha nyumbani, tunalisuuza kwa maji baridi baada ya kukitoa kidonge, na kulitundika chumbani penye upepo. Ipo aina nyingine, ya bei ya juu zaidi, ambayo hufyatuliwa na mgandamizo wa maji kifyatulio kinapofika takriban sentimita 10 chini ya uso wa bahari. Hiyo haishtuki kwa mvua wala kwa maji yanayorushwa na mawimbi, na kwa mtu wa pwani ya Kenya ndiyo ningeipendekeza kwanza.

Mtungi nao una siri zake, kwa sababu hauna geji na unaweza kuwa mtupu ilhali unaonekana mzima. Namna ya kuujua ni kuupima: uzito wake umepigwa chapa ubavuni, na ukipungua kwa zaidi ya gramu mbili haufai. Mizani yetu ya jikoni haina usahihi huo, hivyo niliibeba mitungi yangu miwili hadi soko la Marikiti, kwa mzee mmoja muuza viungo mwenye mizani ndogo ya kupimia zafarani.

“Ami, nipimie hivi, tafadhali.”

“Si bomu hili, mwanangu?”

“Hapana, ami. Ni gesi ya jaketi la boti.”

Alipangusa vumbi la iliki, akauweka mtungi wa kwanza kwa ncha za vidole, akarudi nyuma hatua moja kabla ya kusoma nambari. Ulikuwa sawasawa na chapa yake. Wa pili, ambao ulikuwa wa akiba na ulikuwa haujawahi kutolewa kwenye plastiki yake, ulipungua gramu sita. Duka lililoniuzia liliubadilisha bila ubishi, na kwa hilo nawashukuru, lakini walipoutoa mwingine kwenye rafu hawakuupima, wala hawakuwa na mizani ya kuupimia. Nilirudi nao Marikiti.

Kuhusu turubai: boti nyingi za matembezi hapa, hasa zile zenye kioo sakafuni, zimefunikwa juu kwa ajili ya jua. Chombo cha namna hiyo kikipinduka, mfuko uliojaa gesi humsukuma mvaaji dhidi ya kile kilicho juu yake, nacho wakati huo ni sakafu iliyogeuka dari, na hawezi kuzama kidogo ili apenye kando. La sponji lina tatizo hilo pia, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Chini ya turubai ningevaa lile la kuvuta kamba kwa mkono tu, nikalipuliza nikishatoka nje. Watoto ni sponji bila mjadala, ya saizi inayolingana na uzito wao, yenye kola ya kuinua kichwa. Na wale wanaoruka majini kutazama samaki katika hifadhi wanajua wenyewe kidonge kitafanya nini.

Niliponunua, muuzaji alilisifu jaketi kana kwamba linamaliza habari yote ya usalama baharini. Halimalizi. Mei 2013, karibu na Padstow, kusini-magharibi mwa Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa nje ya boti yao ya kasi. Boti iliendelea kuzunguka bila mtu, ikawapitia majini, na baba na binti yake wakafariki. Wachunguzi walibaini kwamba kamba ya kuzima mashine mwendeshaji anapoanguka haikuwa imefungwa kwa aliyekuwa akiendesha. Ni ile kamba nyekundu iliyojiviringa, ambayo kwenye boti nyingi za hapa utaikuta imeachwa ikining'inia kwenye swichi yake ili isisumbue. Marekani, tangu Aprili 1, 2021, waendeshaji wa boti nyingi za chini ya futi 26 hulazimika kisheria kujifunga nayo. Mimi hujifunga pajani, kwa kuwa jaketi linalokuweka juu ya maji linakuweka pia usawa wa propela. Vilevile jaketi haliiti mtu. Filimbi yake inasikika umbali mfupi, na vipande vyake vinavyong'aa vinamfaa tu anayekumulika tochi. Kwa hiyo tunabeba redio ya baharini iliyo kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Mombasa ina kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu mwaka 2006, na Walinzi wa Pwani wa Kenya wapo tangu 2018, lakini wote wanahitaji kwanza kuambiwa uko wapi. Na Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi makubwa, kama inavyofanya mara kwa mara wakati wa Kusi, hatutoki nje ya mwamba hata tungepewa majaketi mawili kila mmoja.

Bei yake ilikuwa chini kidogo ya shilingi 20,000, na seti ya kulirudisha katika hali yake baada ya kufyatuka, yaani mtungi na kidonge kipya, ni karibu robo ya kiasi hicho. Seti hizo hukosekana Mombasa kwa wiki nyingi, na jaketi lililofyatuka bila seti mpya ni kitambaa tu, hivyo anayelinunua alinunue pamoja na seti mbili na amwombe muuzaji apime mitungi kabla ya kulipa. Mimi seti yangu ya mwisho ikiisha nitahamia aina ya mgandamizo. Hili la sasa kaka yangu ameshaomba abaki nalo, kwa masharti kwamba gharama ya vidonge ni yake.