Sosi ya samaki ya Phu Quoc: usiihukumu kwa harufu

Nikiulizwa kiungo gani cha Asia mtu aanze nacho jikoni, wengi hutegemea nitaje sosi ya soya au mafuta ya ufuta. Mimi nataja sosi ya samaki, hasa inayotengenezwa Phu Quoc, kisiwa cha Vietnam. Ukiinusa kwenye chupa utaghairi. Usighairi.

Kwanza orodha ya viambato: dagaa na chumvi, basi. Dagaa wa aina ya anchovi huchanganywa na chumvi, kwa kawaida sehemu tatu kwa moja, wakashindiliwa kwenye mapipa makubwa ya mbao na kuachwa humo mwaka mzima hivi. Samaki wanajiyeyukia taratibu mpaka kinachochuruzika chini ya pipa ni maji maangavu, mekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Tangu 2012 jina la Phu Quoc linalindwa na Umoja wa Ulaya kwa sosi hii, kwa hiyo huko si kila mtu anaweza kulibandika kwenye chupa yake.

Tazama pia namba kwenye lebo, kama 30°N au 40°N. Ni gramu za nitrojeni kwa lita, yaani kipimo cha protini ya samaki iliyoingia humo. Ninayotumia ni ya 40 na tofauti inaonekana ulimini: chumvi inakuja, halafu nyuma yake unakuja utamu wa mchuzi wa nyama uliochemka kwa saa nyingi. Nimewahi kutumia nyingine, jina nalihifadhi, ambayo maji na sukari vilitangulia kwenye lebo. Ile ilikuwa chumvi tupu yenye uvundo.

Sasa mapishi. La haraka kuliko yote ni yai la kukaanga: likishashika pembeni, nadondosha matone machache kwenye ukingo wa kikaango, si juu ya yai. Inachachatika, harufu inapanda sekunde chache (fungua dirisha), kisha inageuka kuwa harufu ya kitu kilichochomwa vizuri. Ukingo wa yai unakuwa wa kahawia na mkavu, wenye chumvi yake.

Kwa sosi ya kuchovya, yeyusha sukari kwenye maji ya uvuguvugu, kamulia ndimu, ndipo utie sosi ya samaki. Kitunguu saumu na pilipili vikatwe vidogo sana na vitiwe mwishoni, vielee juu. Onja kabla hujaongeza chochote. Ndimu hutofautiana kwa ukali, hivyo vipimo vya kwenye kitabu si vya kuviamini sana.

Ninachokipenda zaidi ni kuku wa tangawizi wa Kivietnamu. Unaunguza sukari kidogo kwenye sufuria mpaka iwe kahawia, unatia vipande vya kuku, tangawizi iliyokatwa nyembamba na sosi ya samaki, kisha maji kidogo, na unaacha mchuzi ukauke mpaka ung'ang'anie nyama. Hapo sosi ya soya haifui dafu. Inatia rangi tu. Hata kwenye rojo la nyanya la kawaida kijiko cha chai kinatosha, na hakuna atakayehisi samaki.

Kasoro zipo. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 1.4 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 2 kwa siku. Kwa hiyo ukiitia, chumvi ya kawaida iweke kando mpaka mwisho. Mwenye mzio wa samaki asiiguse, na asiyekula nyama wala samaki abaki na sosi ya soya. Ila soya nayo kwa kawaida hutengenezwa na ngano, jambo ambalo wenye matatizo ya gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, wanalijua vizuri. Halafu kuna kifuniko: sosi inakauka mdomoni mwa chupa na kufanya gamba la chumvi, usipoifuta kila mara inanata.

Ukiona chembe zimetuama chini, ni chumvi, haijaharibika. Rangi nayo hukolea kadiri chupa inavyokaa wazi. Yangu naiweka kwenye friji ili ichelewe. Anza na chupa ndogo.