Mche wa mdalasini wa kitaluni: umenilipa, ila muuzaji alibakiza maneno

Naishi Tanga mjini. Uwanja wangu wa nyuma una mwembe, banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo, basi. Mche wa mdalasini niliununua kwenye kitalu kimoja cha barabarani kule Muheza, shilingi 3,000, ukiwa kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, urefu wa kufika goti. Sasa nimeshavuna, kwa hiyo naweza kusema kama pesa yangu ilikwenda pazuri. Mche wenyewe sina ugomvi nao. Huduma ndiyo ina maneno.

Muuzaji aliniambia, "Mama, huu ndio mdalasini wenyewe, siyo yale magogo ya dukani." Kila muuzaji husema hivyo, lakini mti huu unajitambulisha. Geuza jani uone mishipa mitatu mikubwa inayoanzia karibu na kikonyo na kukimbia hadi karibu na ncha. Majani machanga hutoka mekundu, halafu ndiyo yanageuka kijani. Kisha fikicha jani unuse. Jani la mdalasini mwembamba, ule wa asili ya Sri Lanka, linanukia karafuu kuliko mdalasini, kwa sababu mafuta yake yana eujenoli kwa wingi, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Kasia, yule ndugu yake mwenye gome nene, jani lake halinuki hivyo. Wangu ulipita mtihani palepale kitaluni.

Wala si ajabu kupata miche mizuri upande ule. Milima ya Amani iko juu yao tu, na huko watu wanalima iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 walijaza pale mimea ya kila namna kutoka nchi za joto.

Lawama yangu ya kwanza ni kiriba. Nilipokipasua nyumbani nilikuta mzizi mkuu umejikunja chini kama mkia wa nguruwe, dalili kwamba mche ulikawia sana kwenye kiriba kidogo. Nilikata ile sehemu iliyojikunja kwa kisu kikali, nikapanda mvua za masika zilipoanza, shimo nimelichanganyia samadi iliyooza vizuri. Ukashika, lakini kwa muda mrefu ulisimama tu, haupandi wala haushuki. Ukienda kununua, bonyeza kitako cha kiriba. Kikiwa kigumu kama kimesokotwa ndani, chagua mwingine, hata kama ni mfupi.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Hakuna aliyeniambia habari ya kuvuna. Niliambiwa tu, "Ukikua utabandua gome." Ukibandua gome la shina lililosimama ukalizungushia lote, mti unakufa, maana chakula kinachotengenezwa na majani kinapita humohumo kwenye gome kwenda mizizini. Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mzee wa Kipemba. "Mwanangu, mdalasini hauchunwi umesimama. Unakatwa."

Na kweli unakatwa. Mti wangu ulipotimiza miaka mitatu, shina limenenepa kidogo kupita kidole gumba, tulilikata karibu kabisa na ardhi, kwa mshazari ili maji yasituame kwenye kisiki. Tulifanya hivyo wakati wa mvua, majani mapya yameshaacha wekundu. Wakati huo utomvu unapanda na gome linaachia vizuri. Kiangazi linang'ang'ania mti, utaishia kupata vipande vipande.

Kazi yenyewe ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Unakwangua ngozi ya nje ya kahawia, ile isiyo na ladha, mpaka ubaki na gome la ndani. Mzee alilisugua kwa mpini wa kisu huku akilikandamiza, juu mpaka chini, ili lilegee. Akachana mistari miwili kwa urefu, pande mbili za kijiti, akaingiza ncha ya kisu taratibu. Gome likatoka zima, limelowa, jeupe kwa ndani, na vidole vyangu vilinukia mpaka kesho yake. Vipande vyembamba tulivipachika ndani ya vipana, tukaviweka kwenye ungo kivulini. Vilijikunja vyenyewe vikawa vijiti, na rangi ya udongo ikaja pole pole. Ukivivunja vinapukutika kwa vidole, na kinu kinavisaga bila ubishi, tofauti na yale magome ya kasia yanayotaka nyundo.

Sasa nisiwadanganye. Shina moja lilinipa mavuno ya kichupa kimoja cha jemu, tena hayakufika shingoni. Kama unawaza biashara, uwanja hautoshi. Kwa pilau, maandazi na chai ya nyumbani, tunakula bila kununua. Tena majani sikuyahesabia, kumbe ndiyo yanayotumika kila siku: mawili kwenye sufuria ya chai ya rangi, mengine kwenye pilau, ukipakua unayatoa.

Kisiki kilichipua upya kwa fujo. Nimeacha machipukizi manne yaliyonyooka, mengine nimeyang'oa, na hayo manne ndiyo mavuno yajayo. Kwa ninavyoona, yanakua haraka kuliko shina la kwanza, mizizi ikiwa imeshajikita. Ukiuacha mti bila kukata unaweza kupita mita kumi, na hapo utakuwa na kivuli kizuri tu.

Maji yasituame chini yake, na kuku wazuie mwanzoni, wangu walifukua matandazo kila asubuhi mpaka nikazungushia miba. Maji ya kisima changu yana chumvi, ncha za majani ziliungua, nikahamia maji ya mvua.

Mche naupa nyota nne kati ya tano. Kitalu nakipa mbili: bei ni nzuri na aina ni ya kweli, lakini mtu anayeuza mti wa kuvunwa gome angalau amwambie mnunuzi kwamba unavunwa kwa panga.