Vipira vya silikoni au vya sponji?

Ukishanunua spika za masikioni za bei kali, kinachobaki kuamua utamu wake ni kile kipira cha nchani kinachoingia sikioni. Kisipoziba tundu la sikio sawasawa, besi hutoroka, hata spika iwe ya maelfu.

Mizani yangu ni muziki wa benga. Nikivaa silikoni, gitaa la solo linang'aa, kila mshindo wa uzi unasikika. Ila kwenye matatu ya Kondele, ngurumo ya injini humeza besi, nami hujikuta nikipandisha sauti kupita kiasi.

Sponji ni kazi kidogo. Unaifinya kwa vidole hadi iwe nyembamba kama njiti, unaiingiza upesi, unaishikilia. Nusu dakika hivi, imefura na makelele yamezama. Besi inarudi na uzito wake, na sauti naiacha chini. Lakini sponji hufyonza kidogo sauti za juu, kwa hiyo lile gitaa linapoa. Tena joto la Kisumu na jasho haviipendi: baada ya miezi michache huwa ngumu, inachanika, unanunua nyingine. Silikoni unaiosha kwa maji na sabuni, basi.

Na waya wa spika hizi, uwe wa shaba au wa fedha? Kwa mita moja na kitu, sikio langu halijaona tofauti.

Safarini navaa sponji. Nyumbani usiku, silikoni, saizi ya kati kulia na kubwa kushoto. Masikio yangu si pacha.