Riviu: sanduku la kikoba la kufuli tatu, kwa tulioumizwa na watu tuliowaamini

Jamani hii naiandika kwa wale walioumizwa kwenye mahusiano mpaka sasa hivi hata mtu akikusalimia vizuri unajiuliza huyu anataka nini. Ukiwa kwenye hali hiyo kila mtu anakwambia samehe, songa mbele, muombe Mungu, na kuomba ni sawa kabisa, ila hamna anayekwambia kumwamini binadamu tena kunaanzia wapi. Kwangu mimi kulianzia kwenye sanduku la chuma, kwaiyo nalielezea kama bidhaa maana ni bidhaa kweli, lina uzuri wake na kasoro zake.

Wengi mnalijua, ni lile la vikoba, yani vikundi vya kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana, la bati nene, lina mishikio pembeni na sehemu tatu za kufungia kufuli. La kwetu tulichongesha kwa mafundi wa Gerezani hapa Dar, likapigwa rangi ya bluu. Kazi yake ni kutunza hela, madaftari na vitabu vya hisa vya wanachama kuanzia mkutano mmoja hadi mwingine. Huu mtindo wa vikundi ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na akina mama wa kule, ndo ukasambaa Afrika mpaka ukafika kwetu.

Mi nlipelekwa kikundini na wifi yangu, mke wa kaka. Kipindi hicho nlikuwa nimetoka kwenye uhusiano mrefu, tulikuwa tunachanga hela ya kiwanja Chanika na hela yote inakaa kwenye simu yake kwa sababu ndo mume mtarajiwa, kumbe kiwanja kilishanunuliwa siku nyingi na mwenye nacho ni mwanamke mwingine. Hela iliuma, ila kilichouma zaidi ni wale rafiki zake, walikuwa wanajua kila kitu na Jumapili wanakuja kwangu wanakula pilau na kuniita shemeji. Baada ya pale nlibadili namba ya simu, nikawa siongei na mtu, hata dada yangu wa tumbo moja akiuliza umeshindaje namjibu kwa mkato.

Sasa sikilizeni lile sanduku linavyofanya kazi. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, na hao sio viongozi. Mweka hazina anakaa na sanduku nyumbani kwake lakini hana ufunguo hata mmoja, na wenye funguo hawakai na sanduku. Halifunguliwi popote isipokuwa kwenye mkutano, wote mkiwa mnaona. Ukinunua hisa unagongewa mhuri kwenye kitabu chako, na nafasi zilizobaki siku hiyo zinapigwa mstari pale pale ili asije mtu akaongeza mhuri baadae, alafu vitabu vyote vinarudi ndani ya sanduku. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti na kila mtu anakishika kichwani, mkutano unaofuata mnaulizwa tuliacha shilingi ngapi, mnajibu, ndo kufuli zinafunguliwa na hela inahesabiwa kuona kama inalingana na mlichosema. Hata asiyejua kusoma yumo kwenye ulinzi.

Mwanzoni nlikuwa naangalia mikono tu. Siku moja wahesabu fedha wamemaliza, nikasema naomba mhesabu tena. Nlitegemea minong'ono na ile kauli ninayoijua vizuri, kwani hutuamini? Mama mmoja anauza samaki Feri, mtu mzima tunamheshimu sana, akasema haya wanangu rudieni, ni haki yake. Hela ikamwagwa upya kwenye beseni, noti moja moja, zile mbovu zikanyooshwa na kiganja juu ya paja, ikatimia vile vile. Hakuna aliyenuna. Mwenyekiti akauliza na mwingine je, ana swali? tukaendelea na mikopo.

Nlirudi nyumbani nikikifikiria kile kitu mpaka usiku. Kule nlikotoka kuuliza tu hela imefikia wapi ilikuwa ugomvi wa wiki nzima, mtu ananuna, anasema namdhalilisha. Mtu mwaminifu hakasiriki ukimuuliza, na mi hilo nlikuwa sijawahi kuliona kwa macho. Ndo maana nasema uzuri mkubwa wa sanduku hili ni kwamba halikuombi uamini kwanza. Unakuja na mashaka yako yote, unakaa nayo, hela yako iko salama, na watu unawaona polepole, yupi anawahi, yupi anarudisha mkopo kwa wakati, yupi anakumbuka kuuliza mtoto wa mwenzie kapona.

Baadae wakanichagua mshika ufunguo. Aisee sikutegemea, nlitembea na ule ufunguo shingoni ndani ya gauni nikienda sokoni nikirudi. Kuaminiwa nako kunatibu, tena pengine kuliko kuamini. Msiba wa baba ulipotokea wakatoa kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, ule wa kusaidiana kwenye shida, na wakaja wenyewe kukaa matanga, na usiku mmoja pale pale kwenye mkeka nikamsimulia yule mama wa Feri habari yote ya Chanika, mwanzo mwisho, na haijawahi kunirudia kutoka mdomo mwingine mpaka leo.

Kasoro zipo. Chumvi ya hewa ya Dar inakula kufuli za bei rahisi, moja ya kwetu ilikwama tukaikata na msumeno. Mshika ufunguo asipokuja na asipotuma ufunguo mkutano unakwama, inakera. Na mwizi akiingia anaweza kubeba sanduku zima, kwaiyo hela ikiwa nyingi pelekeni benki. Alafu sanduku haliwezi kumzuia mkopaji asikimbie na deni, vikundi vingi vinafia hapo, someni katiba na mwangalie wadhamini. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka vikundi visajiliwe, sasa kikundi kinachokwepa kwenda halmashauri mi siingii.

Kwenye mapenzi siwadanganyi, sanduku halikutafutii mchumba. Kuna mtu tunaongea sasa hivi, namuuliza maswali yangu wazi wazi na anajibu bila kununa, siku akianza kununa ntajua la kufanya.

Sanduku naliwekea nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ajili ya bawaba. Mkienda kuchongesha mwambieni fundi achomelee bawaba kwa ndani, maana za nje mtu akiwa na tindo anazing'oa bila kugusa kufuli yoyote. Kufuli nunueni wenyewe, zile nzito, kila mshika ufunguo aje na yake ikiwa bado haijafunguliwa kwenye pakiti, na funguo za akiba mkubaliane mbele ya wote zinakaa kwa nani kabla hela ya kwanza haijaingia.