Nilivyojenga upya seva ya simu za duka, Kisumu: uzoefu wangu na FreePBX 17

Duka letu la jumla la pembejeo liko karibu na soko la Kibuye, na wateja wetu wengi si watu wa kuandika ujumbe. Mkulima wa Ahero akitaka kujua kama mbegu imefika, anapiga simu asikie mtu akimwambia imefika. Seva ya simu, yaani kompyuta yenye programu ya FreePBX inayoendesha simu zote za duka, ikiugua, biashara yote inaugua nayo.

Asubuhi moja mama wa mapokezi aliniita. "Kijana wangu, kila nikipiga nje naambiwa salio limeisha." Tulikuwa tumelipia laini shilingi 14,000 jioni iliyotangulia. Nilipofungua orodha ya simu zilizopigwa, nikakuta namba ya ndani 204, ile ya stoo, imepiga nchi za ng'ambo tangu saa nane usiku, simu kadhaa kwa mpigo. Stoo hufungwa saa kumi na mbili jioni. Wezi wa namna hii huwa na mapatano na wenye namba za malipo ya juu huko nje: kila dakika unayolipishwa wewe, wao wanapata mgao.

Nilibadilisha nywila ya 204, nikawasha seva upya, nikadhani yamekwisha. Siku ya tisa yakarudi. Safari hii nikakagua ukurasa wa wasimamizi wa mfumo na kumkuta msimamizi ambaye hakuna mtu ofisini aliyemjua. Hapo nikakata shauri: seva hii haifagiwi, inaanzwa upya.

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: sakinisha upya, kisha rudisha bakapu. Nawasihi walio katika hali kama yangu wasifanye hivyo. Bakapu yetu ya mwisho ilichukuliwa mwizi akiwa tayari ndani. Ukiirudisha nzima, unarudisha pia chochote alichokiacha, na usafi wote unakuwa kazi bure. Bakapu ni ya diski iliyokufa au seva iliyopigwa na radi. Kwa nyumba iliyoingiwa, beba vyombo unavyovijua, kimoja kimoja.

Nilichobeba ni vitu vitatu. Cha kwanza ni orodha ya namba za ndani, niliyoitoa kwa Bulk Handler, sehemu ya FreePBX ya kutoa na kuingiza orodha, kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Humo nilikuta mistari 31, na simu za mezani tulizo nazo ni 19. Kumi na mbili zilikuwa za watu walioacha kazi zamani, na nywila zao bado zilifanya kazi. Nywila ya 204, kabla sijaibadilisha, ilikuwa 204. Fundi aliyetufungia mfumo alizipanga zote hivyo, nasi hatukuwahi kuuliza. Nilifuta zile 12, nikaandika nywila ndefu mpya kwa zilizobaki. Angalizo kwa mtakaofuata njia hii: ukifungua CSV kwenye programu ya jedwali, iambie safu za namba ni maandishi. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na namba yetu ya 057 ikapoteza sifuri ya mbele kila mahali.

Cha pili ni rekodi za mazungumzo na wateja, kutoka /var/spool/asterisk/monitor. Nilizihamishia kwenye diski ya nje na kuifungia kabatini kwa meneja. Sauti ya mteja ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haifai kuzagaa kwenye droo.

Cha tatu ndicho nilichokiogopea zaidi. Salamu inayompokea mteja, kwa Kiswahili na kisha Dholuo, ilirekodiwa na mama aliyekaa mapokezi kabla ya huyu wa sasa. Alistaafu. Wateja wa zamani wanaijua sauti ile kama wanavyolijua duka. Faili zake zilikuwa /var/lib/asterisk/sounds, na nilizinakili mara mbili, kwenye flashi na kwenye laptopu, kabla ya kugusa kitu kingine.

Diski ya zamani sikuifuta. Niliichomoa, nikaiandika tarehe na kuiweka kando, nikafunga diski mpya ya SSD. Jumamosi jioni nikaanza. Mfumo wetu wa kale ulijengwa juu ya mfumo endeshi wa CentOS 7, ambayo masasisho yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo kurudi pale pale halikuwa jambo la kufikiria. FreePBX 17 hukaa juu ya mfumo endeshi mwingine, Debian 12. Unasakinisha Debian tupu bila mazingira ya picha, unapakua skripti ya usakinishaji, unaiendesha kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, na kuiacha. Kwetu ilichukua dakika arobaini hivi kwa intaneti ya duka. Mvua ya Kisumu ilinyesha na stima ikapotea katikati, lakini UPS, betri yetu ya akiba, ikashikilia.

Ikimaliza, ukurasa wa kwanza wa wavuti unakuomba utengeneze msimamizi. Yeyote atakayeufungua wa kwanza ndiye msimamizi, kwa hiyo hakikisha ruta haijafungua mlango wowote kutoka nje. Niliwasha fayawoli papo hapo na kuruhusu mtandao wa duka pamoja na anwani za kampuni ya laini, basi.

Kisha njia za kupiga nje. Kwenye mfumo wa zamani nilikuta muundo wa kupigia, yaani kanuni ya namba zinazoruhusiwa, wenye nukta peke yake. Kwa Asterisk, injini ya simu iliyo ndani ya FreePBX, nukta ina maana ya namba yoyote, ya urefu wowote, kwenda popote duniani. Kinukta hicho kimoja ndicho kilichompa mwizi barabara. Sasa nimeandika 07XXXXXXXX, 01XXXXXXXX (X ni tarakimu yoyote) na namba za mezani za hapa Kenya. Wateja wa Uganda wanapigiwa kutoka simu ya meneja pekee, kwa PIN.

Jumapili nikazunguka na karatasi kutoka simu hadi simu nikiingiza nywila mpya. Dereva wetu aliyekuja kuchukua funguo akaniita kutoka stoo: "Omera, hii inalia lakini mtu wa huko simsikii." Ni kweli, sauti ilikwenda upande mmoja. Nilikuwa sijaujaza ukurasa wa Asterisk SIP Settings anwani yetu ya nje na mtandao wa ndani. Nilipoijaza, sauti ikafika pande zote.

Je, naipendekeza FreePBX 17? Ndiyo, kwa moyo wote, hasa kwa biashara ndogo yenye mtu mmoja asiyeogopa kuandika amri. Ni programu huria, na gharama yangu ilikuwa SSD na wikendi moja. Usitafute kitufe kimoja cha kurudisha kila kitu kuwa kipya kama kwenye simu ya mkononi. Usafi wake ni kusakinisha upya, nami sasa naona ni heri, maana kila kilichomo ndani nimekiweka mwenyewe na ninajua kwa nini kipo.

Jumatatu saa mbili kasoro simu ya kwanza iliingia kutoka Siaya, na salamu ya yule mama ikaipokea. Wiki tatu sasa, kila asubuhi nafungua orodha ya simu kabla ya chai, na usiku ni mtupu. Zimebaki simu mbili za tawi letu la Kakamega, ambazo nimezizima hadi nizifungie VPN, njia salama ya kuziunganisha na duka kupitia intaneti. Naenda huko Jumanne.