Bahari isiyopwa: siku sita za hoteli ya ufukweni Alanya, mimi na mama

Mama yangu amezaliwa Tanga, ameolewa Tanga, na kwa miaka 67 ameiona bahari kila uchao. Nilipomwambia nampeleka Uturuki akapumzike, hakuuliza chakula wala baridi. Aliuliza, "Tutalala karibu na maji?" Nikamwahidi. Ndiyo maana nilitumia wiki mbili kutafuta hoteli Alanya, mji wa kusini mwa Uturuki ulio kilomita kama 120 kutoka uwanja wa ndege wa Antalya. Na ndiyo maana naandika kwa urefu, kwa sababu maneno "mbele ya bahari" kwenye matangazo yana mambo mengi ndani yake.

Tulikwenda wiki ya kwanza ya Oktoba. Hoteli ni ya nyota nne, upande wa magharibi wa kilima cha ngome, kwenye ufuko unaoitwa Kleopatra. Nililipa yuro 74 kwa usiku, chumba cha watu wawili pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Picha ya tangazo ilionyesha roshani na maji ya buluu chini yake.

Tulifika saa nne usiku tukiwa hoi. Kijana wa mapokezi akamwinamia mama kidogo, mkono kifuani, akasema, "Merhaba." Mama akanigeukia: "Mbona ananiitikia marahaba na mimi sijamwamkia? Tena mimi ndiye mkubwa." Nikamweleza kwamba neno ni lile lile la Kiarabu, ila wao ndilo wanaloanzia salamu. Toka hapo alikuwa akilipokea kwa furaha kila alipopita pale mezani.

Chumba chenyewe kilinikasirisha. Tulipewa ghorofa ya pili, upande wa nyuma, dirisha likitazamana na ukuta na mashine za viyoyozi zinazonguruma. Mama alifungua pazia, akautazama ule ukuta, akalifunga taratibu, akakaa kitandani kuvua viatu. Hakusema kitu. Afadhali angelalamika. Nikashuka. Yule kijana akaniambia nilichonunua ni chumba cha kuona bahari kwa pembeni, na vyumba vya namna hiyo vimejaa mpaka kesho. Risiti yangu haikuwa na neno "pembeni" popote. Hilo ni kosa lao, na nimewaandikia hivyo hivyo. Mtu aliyelipia bahari asilazwe nyuma hata usiku mmoja.

Asubuhi nilimkuta meneja, mwanamke wa makamo. Alisoma risiti yote, akaomba radhi bila kuzungukazunguka, na kabla ya adhuhuri tulikuwa ghorofa ya tano kwenye chumba chenye roshani inayoelekea majini. Ukienda, chapisha uthibitisho wako wa malipo uwe nao mkononi. Na kabla ya kulipa, waandikie uulize waziwazi: chumba kinaelekea bahari moja kwa moja au kwa pembeni? Ghorofa ya ngapi?

Kile chumba cha pili sina neno nacho. Shuka safi, godoro gumu kiasi, maji ya moto saa zote. Chooni kuna kibomba kidogo cha maji ya kujisafishia kilichojengewa ndani ya choo chenyewe. Wao wanakiita kwa neno taharet, ndiyo twahara yetu, na kwa mama hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko televisheni. Kibla ndiyo ilimchukua muda. Tanga tunaswali tukielekea kaskazini. Pale Makka iko kusini kuelekea mashariki, kwa hiyo mkeka ulielekezwa upande wa kilima cha ngome. Alfajiri ya kwanza aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Sasa bahari yenyewe. Siku ya pili mama alikaa roshanini tangu alfajiri, na kila nilipoingia nilimkuta analitazama jiwe moja bapa lililo ukingoni mwa maji. Mchana bado analitazama. Jioni akaniita: "Njoo uone. Maji hayajasogea. Bahari hii haipwi?"

Haipwi, au tuseme kupwa kwake hakuonekani kwa jicho la mtu wa Tanga. Mediterania imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na mlango wake wa kuingilia Atlantiki, pale Gibraltar, una upana wa kilomita 14 tu mahali pembamba zaidi, kwa hiyo maji ya kujaa na kupwa hayapati nafasi. Kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya meta tatu, ngalawa zinabaki zimelala ubavu kwenye matope. Alanya hata nusu meta hayafiki. Mama alihuzunika kidogo. Akaniuliza wanawake wa pale wanaokota wapi chaza na kombe kama maji hayatoki. Sikuwa na jibu.

Mchanga wa Kleopatra ni wa chengachenga nzito, haugandi mwilini kama wetu, na maji ni maangavu unaona vidole vyako vya miguu. Lakini ufuko unashuka ghafla. Hatua tatu nne tu na maji yako kifuani, na chini kuna mabamba ya mwamba yanayoteleza. Mama ana goti bovu. Siku ya kwanza mawimbi ya alasiri yalimyumbisha nikaogopa sana. Tulipobadilisha tukaenda asubuhi, saa moja na nusu hivi, bahari ilikuwa imetulia kama mafuta, akaingia akiwa ameshika mkono wangu, dera lake limeelea kumzunguka. Kama unasafiri na mzee, asubuhi ndiyo saa yake.

Jambo jingine ambalo tangazo halisemi: kati ya mlango wa hoteli na mchanga kuna barabara ya magari. Yetu ilikuwa nyembamba, ina kivuko cha miguu. Lakini hoteli nyingi za nje ya mji zimepangana kando ya barabara kuu ya D400, na ili ufike majini unashuka ngazi, unapita chini ya barabara, unapanda tena. Kwa mwenye goti bovu, hiyo si hoteli ya ufukweni. Tazama ramani ya picha za setilaiti kabla hujalipa. Vitanda vya ufukweni na miavuli tulilipia pembeni, kila siku.

Chakula kilikuwa kingi kuliko kitamu. Kifungua kinywa kina zeituni za namna tano, jibini, matango, nyanya, mayai, asali, na ile mikate ya duara yenye ufuta. Chai wanaitia kwenye bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni, nyeusi, kali, bila maziwa. Mama aliivumilia siku mbili. Siku ya tatu mama mmoja wa jikoni, aliyekuwa anamwita mama yangu teyze, yaani mama mdogo, alimwona anaisukuma bilauri. Akamwonyesha paketi ya maziwa kwa ishara. Mama akatoa iliki kwenye kimfuko chake. Wakaingia jikoni wote wawili, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, na wakatoka na sufuria ya chai ya maziwa. Tangu siku hiyo ilikuwa inamsubiri kila asubuhi. Kwa sufuria hiyo peke yake, nimewasamehe ule usiku wa kwanza.

Mjini tulitembea polepole. Kutoka karibu na pango la Damlataş kuna magari ya waya, yaliyoanza kazi mwaka 2017, yanayokupandisha ngomeni bila kuchosha miguu. Mnara Mwekundu, Kızıl Kule, uko chini bandarini. Ulijengwa mwaka 1226 zama za Sultani Alaeddin Keykubad, una pembe nane, na matofali yake jioni yanakuwa rangi ya udongo wa Lushoto. Barabarani wanauza ndizi fupi za hapo hapo Alanya. Mama alimenya moja, akatafuna, akasema, "Kisukari kabisa," akanunua kilo mbili.

Muziki wa baa ya jirani unafika mpaka usiku wa manane, na lifti ni ndogo, watu watatu na mabegi haiwachukui. Hayo tumeyavumilia. Ningerudi hoteli ile ile, chumba kile kile cha ghorofa ya tano, na ningeomba uthibitisho wa maandishi mapema.

Mama yuko Tanga sasa. Ana picha mbili za lile jiwe kwenye simu, moja ya alfajiri, moja ya magharibi, maji yako pale pale. Anawaonyesha majirani, na mpaka leo wanamwambia picha hizo zimepigwa saa ile ile.